Jibu: Saa ya kompyuta inarudi 2015 kila asubuhi
Mkuu, umesema ukizima swichi ya ukutani usiku hapo steshenari kwako Ngamiani, asubuhi mashine inasoma mwaka 2015 na tovuti zinagoma. Betri ya ubao mama (motherboard), inayotunza saa umeme ukizimwa, imekufa hiyo. Fungua boksi, utaiona ya duara, bapa, imeandikwa CR2032. Mafundi saa wanazo, bei chee.

Tovuti zinagoma kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine iliyoko 2015, cheti cha juzi bado hakijazaliwa.

Sasa uliuliza kwa nini intaneti hairekebishi yenyewe. Windows inauliza saa kwa seva kupitia NTP (njia ya kulinganisha saa mtandaoni), ila kwa kompyuta ya kawaida, tofauti ikizidi saa 15 inakataa kuigusa. Hapo ndipo wengi wanakwama, wanabonyeza weee! Kwanza weka tarehe na saa kwa mkono, ikaribie tu. Halafu fungua cmd (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika amri ya kulinganisha saa:

w32tm /resync

Ikileta ubishi, badili seva iwe africa.pool.ntp.org, na hakikisha ruta haijafunga UDP 123, mlango ambao NTP hupitia.

Saa za eneo chagua Nairobi, +3. Ikikosea kwa tofauti ya saa tatu kamili, tatizo ni hapo, si seva. Na saa mbili asubuhi ni 08:00 jamani, vijana wa dukani huandika 02:00.

Ukishabadili betri, zima tena ukutani usiku mmoja. Ikirudi 2015, tupia picha ya ubao hapa.