Alamu 085 haimaanishi bodi imekufa

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ndogo Moshi, maeneo ya Pasua. Tunachonga puli, gia na spea za mashine za kumenya kahawa. Mashine yetu ya milingi ni ya zamani, kontrola yake (kompyuta inayoiongoza) ni Fanuc 0-M. Miaka yote tulikuwa tunatuma programu kwa kompyuta ya mezani ya Windows 98, nayo imekufa mwezi uliopita. Nimenunua laptopu na adapta ya USB kwenda RS-232 (njia ya mawasiliano ya mashine za zamani), lakini mashine haipokei. Mwanzo ilitoa alamu 086. Rafiki yangu akaunganisha pini 6, 8 na 20 upande wa mashine, sasa inatoa 085. Fundi aliyekuja kuiangalia anasema bodi ya mawasiliano imekufa, au memori imechafuka na inatakiwa kufutwa yote ndipo ikubali kompyuta mpya. Atarudi Jumatatu. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, mpigie huyo fundi umwambie asije Jumatatu. Kama tayari una ufunguo wa kulinda memori, utoe mlangoni pa kontrola ukae nao mfukoni.

Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe bila kujua. Alamu 086 maana yake kontrola haikuona ishara kwamba kifaa cha upande wa pili kiko tayari. Ishara hiyo huingia kupitia pini 6. Rafiki yako alipounganisha 6, 8 na 20, mashine ikaipata, na alamu ikabadilika kuwa 085. Hiyo ya pili inasema: herufi zinafika, ila hazieleweki. Sasa niambie, bodi iliyokufa inabadilishaje malalamiko yake kwa sababu umegusa waya? Sikio lililokufa halisemi "sijakuelewa", hukaa kimya. Mashine yako inasikia. Umepiga hatua, halafu mtu amekuja kukuambia hatua hiyo ni msiba.

Kwa swali kama lako napigiwa simu karibu kila mwezi, kutoka Arusha, Moshi, hata Babati, na karibu kila mara kuna mtu ameshataja bodi. Nitakuambia cha kufanya, kisha nitasema jambo linaloniumiza zaidi.

Acha kutuma. Anza kupokea. Watu wote hung'ang'ana kusukuma programu kwenda kwenye mashine, wakati mashine yenyewe inaweza kukuonyesha inazungumza lugha gani. Fungua programu ya mawasiliano kwenye laptopu, iweke isubiri. Kisha nenda kwenye mashine, weka hali ya EDIT, chagua programu fupi iliyomo, bonyeza kitufe cha kutoa. Kanuni ni moja siku zote: anayepokea ndiye anayeanza kuwa tayari, ndipo mwingine atume.

Sasa tazama skrini ya laptopu kwa makini. Tuseme mashine imetuma G01 X25, na wewe umeona hivi: G0± Ø²5. G ipo sawa, sifuri ipo sawa, 5 ipo sawa, lakini 1 imegeuka ±, X imegeuka Ø, na 2 imegeuka ². Ukiona hivyo, furahi. Kasi ni sahihi, waya ni sahihi, bodi ni nzima. Kilichokosewa ni pariti. Kontrola hutuma herufi kwa biti 7 za data (kila biti ni 0 au 1), kisha inaongeza biti moja ya ulinzi ili jumla ya moja-moja iwe shufwa. Herufi G ina moja nne, tayari ni shufwa, kwa hiyo biti ya ulinzi inakuwa sifuri na G inapita bila doa. X ina moja tatu, ni witiri, kwa hiyo inaongezewa moja ya nne. Laptopu yako, ikiwa imewekwa biti 8 bila pariti kama zinavyokuja laptopu zote kutoka dukani, inaidhani hiyo biti ya ulinzi ni sehemu ya herufi. Ndiyo maana nusu ya herufi zinasomeka na nusu zinaharibika. Kwa upande wa kutuma, laptopu hiyohiyo haiweki biti ya ulinzi, kontrola inahesabu, hesabu inakataa, inapiga 085.

Lakini ukiona takataka tupu, hata herufi moja haisomeki, hapo tatizo ni kasi. Usibahatishe. Kwenye kontrola yako, ikiwa I/O (chaguo la njia ya mawasiliano) imewekwa 0 kwenye ukurasa wa mipangilio, angalia paramita (namba ya mpangilio wa kontrola) 552. Ikiwa na 10, kasi ni 4800. Ikiwa na 11, ni 9600. Iangalie tu, usiibadilishe. Ni laptopu ndiyo itakayoifuata mashine. Weka laptopu kasi hiyo, biti 7, pariti shufwa, biti 2 za kusimamisha, na udhibiti wa XON/XOFF (herufi za kusema "endelea" na "simama").

Na kama hakuna kitu kinachofika kabisa, chukua mita yako. Mashine ikiwa imewashwa na kebo imechomolewa, pima kati ya pini 2 na pini 7 kwenye soketi ya mashine. Waya wa kutuma ukiwa umetulia hukaa kwenye umeme hasi, popote kati ya volti 3 na 15 chini ya sifuri. Ukiipata hiyo, upande wa kutuma uko hai. Ukipata sifuri, hapo ndipo mtu ana haki ya kuanza kufikiria chipu, na hata hapo ni chipu ya mawasiliano, si bodi nzima. Kipimo hicho kinachukua dakika mbili. Huyo fundi wako alikipima? Naamini hakupima, maana angekipima asingesema aliyosema.

Kuhusu kebo: upande wa laptopu pini 2 iende 2 ya mashine, 3 iende 3, na 5 iende 7. Basi. Upande wa mashine unganisha 4 na 5, na hizo 6, 8, 20 mlizokwisha kuunganisha. Tumia kebo yenye wavu wa kuzuia kelele, isizidi mita 15, na usiilaze sambamba na nyaya za mota. Lehemu vizuri, usisokote waya ukazungushia plasta. Na tafadhali usichukue kebo ya zamani ya printa yenye waya zote 25 ukaichomeka kwa kuwa tu plagi inaingia. Kwenye soketi ya Fanuc, pini 25 ina volti 24. Ilikuwa ya kuendesha kisomea tepu ya karatasi. Volti hizo zikiingia mahali pasipostahili kwenye kompyuta, utakuwa na msiba wa kweli. Chomeka na chomoa kebo mashine na laptopu vyote vikiwa vimezimwa, na laptopu iwe kwenye betri, chaja imechomolewa ukutani. Karakana zetu nyingi ardhi ya soketi ni ya jina tu, na ile tofauti ya umeme kati ya bodi ya laptopu na chuma cha mashine hupita kwenye kebo yako nyembamba.

Adapta nayo ina lake. Za bei ya chini zinazouzwa kwenye maduka ya simu nyingi zina chipu bandia. Siku moja dereva inaikubali, kesho Windows ikijisasisha inaikataa kwa alama ya njano. Kasoro nyingine inajitokeza baadaye: programu fupi zinaingia vizuri, ndefu zinakatika katikati kwa alamu 087. Hapo kontrola imeshiba, imetuma herufi ya kusema "simama", na laptopu imeendelea kumwaga. Fanuc inavumilia herufi 10 tu baada ya kusema simama. Adapta nzuri husimama yenyewe ndani ya chipu. Mbaya inasubiri Windows, na Windows ina shughuli nyingine. Punguza ukubwa wa bafa (hifadhi ya muda ya herufi) kwenye mipangilio ya poti. Ikishindikana, nunua adapta bora. Itagharimu kidogo sana ukilinganisha na "bodi" uliyotajiwa.

Faili lenyewe lianze na %, mstari unaofuata O na namba ya programu, herufi zote kubwa, mwisho M30 na % tena. Liwe maandishi matupu. Ukipata 073, namba hiyo ipo tayari kwenye mashine. Ukipata 070, memori imejaa, na hilo pia watu huliita ubovu. Kontrola za umri huo zilipimwa kwa mita za tepu ya karatasi. Mashine yenye mita 80 inabeba herufi kama 31,500, hiyo ndiyo yote. Programu ya leo kutoka kwenye kompyuta, yenye kuchonga uso wa mviringo, inamaliza nafasi hiyo kabla hujafika nusu ya kazi. Kuzidi uwezo si kuharibika. Kama kontrola yako ina chaguo la kupokea programu mashine ikiwa inakata, itume kidogokidogo.

Sasa hili la kufuta memori.

Wapo watu, na siku hizi ni wengi, waliotoka kwenye kuflashi simu wakaingia kwenye mashine za viwandani na dawa yao ileile: futa kila kitu, washa upya. Kwenye simu unafuta, mfumo unarudi. Kwenye kontrola hii ukishika RESET na DELETE kwa pamoja ukawasha, hakuna kinachorudi. Paramita zilizomo hazikutoka kiwandani zikiwa sawa kwa kila mashine. Zimo za mashine yako peke yake: mipaka ya safari ya kila mhimili (mwelekeo ambao mashine husogea), fidia ya mchezo, yaani ulegevu, wa skrubu, nguvu ya servo (mota zinazosogeza mhimili), mahali spindo inaposimama ili kifaa cha kukatia kibadilishwe. Aliyeiunda alizipima akaziandika. Mashine nyingine ya aina hiyohiyo, hata ikiwa na namba inayofuatana na yako, ina namba zake.

Niliitwa karakana moja hapa Arusha, upande wa Unga Limited, baada ya mtu wa namna hiyo kupita. Tatizo lao la kwanza lilikuwa kama lako, alamu 085. Nilipofika skrini ilikuwa imejaa sifuri kutoka juu hadi chini, na aliyefanya hivyo hapokei simu. Tukafungua kabati la umeme. Kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango tukakuta karatasi za paramita zilizokuja na mashine, zimekunjwa, njano. Mwenye karakana alisoma namba moja moja, mimi nikaingiza, kuanzia saa mbili usiku hadi karibu na alfajiri. Karatasi ya tatu ilikuwa na doa la mafuta lililofunika mistari minne. Mistari hiyo ilikuwa ya servo ya mhimili wa Z. Mhimili ule ulikuwa ukitetemeka kila unaposhuka, na ilituchukua siku nyingi za kupima kwa saa ya dayo (kipimo chenye mshale cha kuonyesha msogeo mdogo), kubadilisha namba, kupima tena, hadi ukatulia. Yule mzee alikuwa na oda ya gia za watu. Aliwarudishia pesa zao. Yote hayo kwa sababu laptopu haikuwekwa pariti shufwa.

Kwa hiyo wewe, na kila mwenye mashine ya umri huu anayesoma hapa, fanyeni hivi leo kabla ya kugusa kebo. Fungua kurasa za paramita, piga picha kila ukurasa kwa simu, picha isiyo na mng'ao, namba zisomeke. Usisahau zile za mfululizo wa 900, ndizo zinazofungua chaguo ulizolipiwa. Piga pia kurasa za daignosi (zinazoonyesha hali ya ndani ya mashine). Mawasiliano yakishakubali, toa paramita zote kwenye faili, liweke sehemu mbili tofauti.

Kisha angalia betri. Kontrola yako inashikilia memori kwa betri tatu kubwa za ukubwa wa D. Nunua za alkalini, si zile za kawaida za redio, ambazo huvuja na kula vishikio. Zibadilishe betri hizo mashine ikiwa imewashwa. Ukizitoa mashine ikiwa imezimwa, umefanya kazi ya yule fundi kwa mkono wako. Chagua saa ambayo umeme umetulia, asubuhi na mapema ni afadhali, na uwe na betri mpya mkononi kabla ya kufungua kifuniko. Kwa kuwa hukutaja mara ya mwisho zilibadilishwa lini, nachukulia hukumbuki, na hilo linanitia wasiwasi kuliko alamu yako.

Ukimaliza picha na betri, rudi kwenye lile zoezi la kupokea. Niandikie mambo mawili: namba uliyoikuta kwenye 552, na mstari mmoja kama ulivyoonekana kwenye laptopu, hata ukiwa umeharibika. Usiusafishe. Unakili herufi kwa herufi, na alama zake zote.