Usishushe bei kwa sababu ya "si unapikia nyumbani tu"

Shoga, huyo mteja wa Chumbageni anayetaka keki ya kilo mbili kwa 30,000 eti kwa kuwa "si unapikia nyumbani tu", mwache aende. Kupikia nyumbani kunakuondolea kodi ya fremu, basi. Unga, mayai, siagi, gesi na boksi unanunua Ngamiani bei ileile wanayonunua wenye maduka. Na zile saa ulizokesha unapamba, umeziandika wapi? Wengi wetu tunatoa hela ya vifaa, kinachobaki tunakiita faida, kumbe ni ujira wetu wenyewe, tena kiduchu. Vifaa vikila 28,000, umekesha kwa 2,000! Mimi ningemtajia 50,000, atangulize nusu, bila maelezo marefu (ukianza kujitetea tu, anashusha). Akisema ghali, mwambie achukue ya kilo moja.