Maswali Yenu: Risasi za Jeshi za Zamani, Bado Zinapiga? Na Zimeenda Wapi?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya risasi za jeshi, zile ambazo majeshi yalizirundika stoo miaka na miaka halafu yakawauzia raia. Wengi mliouliza mko Marekani ambako mtu anaruhusiwa kununua, mmoja yuko Machakos. Nimechukua matatu.

SWALI: Habari za kazi. Nipo Ohio, nimenunua Mosin-Nagant, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Kirusi, pamoja na lile kopo la chuma la risasi 440, za Bulgaria, za miaka ya 50. Nikapiga Jumamosi, nikapitisha mafuta kwenye mtutu vizuri tu, Jumatano nachungulia naona wekundu ndani. Risasi zimeoza ama bunduki ndo mbovu? Na mbona zinatawanyika hivi kwenye shabaha?

JIBU: Kaka pole, ila bunduki nzima na risasi nzima. Tatizo ni fataki, kile kikofia kidogo cha nyuma ya ganda kinachogongwa na pini. Fataki za jeshi za zamani zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, majeshi yalizipenda kwa sababu zinakaa stoo miaka mingi na bado ukigonga zinawaka, lakini zikishawaka zinaacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi kabisa, inabaki ndani ya mtutu inavuta unyevu wa hewani, na Ohio wakati wa joto unyevu haukosekani. We ukapitisha mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu, na huko chini kutu inaendelea.

Chumvi inataka maji. Siku hiyohiyo ukirudi toka kupiga, toa bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, chemsha maji, weka faneli kwenye chemba, pale risasi inapoingia, umimine mpaka yatokee mdomoni mwa mtutu, yakiwa ya moto yanaondoa chumvi na chuma kikipata joto kinakauka haraka. Pitisha vitambaa mpaka kitoke kikavu, ndo uje na mafuta sasa. Uso wa bolti nao uoshe, pale kitako cha risasi kinapokaa, watu wengi wanapasahau. Kuna wanaosema tumia dawa ya vioo yenye amonia, inasaidia ndiyo, ila kinachoyeyusha chumvi mle ni maji yaliyomo, na maji unayo bombani bure. Mwenye SKS, bunduki ya Kirusi inayojipakia yenyewe kwa gesi, ana kazi zaidi maana gesi inapita kwenye pistoni na bomba lake, na huko kote chumvi inafika.

Kuhusu kutawanyika, usiilaumu risasi peke yake, Mosin nyingi mitutu imechoka. Lakini pia hizi zilitengenezwa kwa ajili ya vita, siyo mashindano, ukipata inchi tatu au nne kwa yadi 100 hapo hujapunjwa. Tofauti kubwa niijuayo ni ya Waswisi, risasi yao ya GP11 ya bunduki ya K31 inapiga karibu sawa na za mashindano, na fataki zake hazina hiyo chumvi. Upande wa pili kuna zile za Uturuki za saizi ya 8mm Mauser za miaka ya 30 na 40, zina nguvu kupita wastani na shingo za maganda zinapasuka, mi kwenye bunduki ya zamani siziweki kabisa.

Umri wenyewe usikutishe sana. Baruti inauliwa na joto na unyevu kuliko miaka, kopo lililofungwa na kukaa kwenye ghala baridi la Ulaya Mashariki linaweza kuwa zima kuliko boksi la juzi lililokaa darini Texas. Ukiifungua risasi ukasikia harufu kali ya tindikali, au ganda lina ukoga wa kijani, weka pembeni. Ukivuta triga ikasema tik, usifungue bolti, mtutu ubaki umeelekea shabaha dakika nzima maana zipo zinazochelewa kuwaka. Na ikitoa mlio dhaifu wa ajabu, simama hapohapo, toa risasi zote uchungulie mtutu, huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani na ya pili ikija nyuma yake bunduki inakupasukia usoni. Hili la mwisho naomba lisomwe mara mbili.

Halafu zipime risasi zako kwa sumaku kabla hujaenda, sehemu nyingi za kulengea shabaha zinakataa risasi yenye chuma ndani.

SWALI: Mimi nina M1 Garand, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, niko Texas. Wenzangu wote wananihadithia enzi za risasi za Kigiriki za bei poa, mimi nikitafuta sizioni. Zilikwisha kweli au zimefichwa?

JIBU: Zilikwisha dada, na ni hasara kweli. Marekani iliipa Ugiriki Garand nyingi, Wagiriki wakatengeneza risasi zake wenyewe za saizi ya .30-06, zina alama ya HXP chini ya ganda, fataki zake hazina chumvi, ganda unaweza kulijaza tena. Baadaye risasi hizo zikaletwa Marekani na CMP, wale wanaowauzia raia Garand za jeshi, wakaziuza mpaka stoo ikakauka. Ukizikuta leo zimeshikwa na wakusanyaji na bei utaiona mwenyewe.

Na siyo Garand tu. Baada ya vita baridi nchi za Ulaya Mashariki zilikuwa na maghala hazijui zifanye nini, kopo la risasi likawa rahisi mno, watu wakadhani itakuwa hivo milele. Mlango ukafungwa taratibu. Mwaka 1994 Marekani ikazuia silaha na risasi za China. 2014 ikaja zamu ya risasi ya 7N6 ya Kirusi, ile ya milimita 5.45, zikahesabiwa kuwa za kutoboa deraya. Septemba 2021 ikazuia vibali vipya vya risasi kutoka Urusi, na 2022 vita vya Ukraine vikaanza, sasa nchi gani ya jirani itauza akiba yake kwa mlenga shabaha wa Texas wakati mpakani kunawaka? Hata kabla ya hapo vita vya Afghanistan vilishakomba nyingi. Mnakumbuka 2008 ile kampuni ya Miami iliyopewa mkataba wa kulisha jeshi la Afghanistan, ikakutwa inapeleka risasi za China zenye miongo kadhaa zilizotolewa Albania.

Kwa hiyo ushauri wangu nunua mpya. Prvi Partizan wa Serbia na Sellier & Bellot wa Czech wanatengeneza .30-06 ambazo hutahitaji kuchemsha maji, na ukipiga hesabu ya muda wa kuosha, ile ya zamani siku hizi siyo rahisi tena. Ila angalia boksi limeandikwa kwa ajili ya M1 Garand, kichwa cha risasi chenye uzito wa greini 150 hivi. Risasi za kuwindia zenye kichwa kizito na baruti ya kuungua polepole zinapeleka gesi nyingi kwenye ule mkono unaorudisha bolti, unapinda, na kuupata mwingine mzuri ni gharama.

SWALI: Shikamoo. Babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma. Tumefungua sanduku lake hapa Machakos tumekuta risasi, chini zimeandikwa RG, 1943 na VII. Zimepata maji. Zikianikwa zinafaa? Na hizo herufi ni nini?

JIBU: Marahaba. RG ni Radway Green, kiwanda cha Uingereza, 1943 ni mwaka, VII ni Mark VII, risasi ya .303 ya Lee-Enfield. Ndani mara nyingi baruti yake ni kodaiti, nyuzinyuzi kama tambi.

Kuanika usijaribu. Mwaka 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, ililetea jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, risasi kwa mamilioni, Waingereza wakaipiga ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikazama. Risasi zikaopolewa, zikafunguliwa na kuanikwa kwa kazi ngumu, na bado nyingi ziligoma kulia vitani. Hao walikuwa na mafundi na hawakuwa na njia nyingine. Nyie mna watoto nyumbani.

Kwa sheria ya Kenya kukaa na risasi bila cheti ni kosa, hata za urithi. Ziacheni zilipo, msizifungue, msizipakie kwenye matatu kuzipeleka, pigieni kituo cha polisi au chifu waje kuzichukua wenyewe na waambieni mlivyozikuta. Medali na karatasi za babu zitoeni kwanza mzihifadhi.