Lori la Jeshi Kutoka Uingereza Hadi Makambako: Kabla Hujanunua la Kwako, Soma Hapa

Wiki iliyopita kaka mmoja aliyeko Leicester kaniandikia ujumbe mrefu. Mwakani anarudi nyumbani jumla. Ameona lori la jeshi kwenye mnada, tani nne, bei ya kutupa, na swali lake ni moja: "Dada, kwa kuwa nahamia nyumbani, hilo lori si linaingia bure?"

Haliingii bure, kaka yangu. Na kwa kuwa si wewe wa kwanza kuniuliza, leo naandika yote mahali pamoja ili nipumzike.

Msamaha wa kodi kwa anayehamisha makazi upo kweli. Umo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano. Unaruhusiwa gari moja, uwe umelimiliki na kulitumia huko ulikokuwa kwa angalau miezi 12, muda wa safari ya meli hauhesabiwi. Hapo ndipo watu wanapofunga ukurasa na kuanza kupiga simu za furaha. Wangesoma mistari michache ya mbele wangeona kwamba gari hilo haliwi basi la kubeba abiria zaidi ya 13, wala gari la mizigo lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 2. Sasa Bedford MJ, lile lori ambalo jeshi la Uingereza lilikuwa likibebea kila kitu kuanzia viazi hadi askari, ni tani nne. Umeshatoka kwenye msamaha kabla hata hujawasha injini.

Mimi hilo nililijua kabla ya kunyoosha mkono mnadani kununua Bedford langu. Msamaha wangu niliutumia kwa kigari kidogo nilichokuwa naendea kazini Birmingham, ambako nilikuwa dereva wa basi, na lori nikalilipia kodi kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Kuna kundi letu moja la WhatsApp, silitaji, ambako nilipoweka picha ya Bedford nilichekwa hadi nikaona aibu kufungua simu. Mmoja akaandika kwamba nimeenda Ulaya kununua skrepa. Mwingine, mtu mzima anayeheshimika, akauliza kama mume wangu anajua. Jamani! Nimeendesha basi la ghorofa kwenye barafu, abiria wamejaa juu na chini, halafu niombewe ruhusa ya kununua lori? Leo lori lina namba ya Tanzania, linashusha mbao kutoka Lupembe masika yote wakati malori ya wengine yamezama kwenye tope yakisubiri jua. Nawasalimu wote waliocheka.

Turudi kwenye kazi. Jambo la kwanza ni nchi unayoenda. Kama wewe ni wa Kenya, achana na wazo hili mapema, kwa sababu kiwango cha KEBS, shirika la viwango la kwao, kinataka gari lililotumika lisizidi miaka minane. Uganda wamefunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu 2018. Tanzania haijaweka ukomo wa namna hiyo. Yenyewe inakutoza kwa uzee wa gari. Magari madogo ya abiria yakishapita miaka minane yanaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, yakipita 10 inakuwa asilimia 30. Ya mizigo yana kiwango chake, tena chepesi zaidi. Juu ya hapo kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine ndogondogo, na vyote hivyo vinaanzia kwenye bei uliyonunulia ukijumlisha bima na nauli ya meli. TRA, mamlaka yetu ya mapato, wana kikokotoo mtandaoni cha magari yaliyotumika. Wenye Toyota kitawafaa sana. Bedford langu sikulikuta humo, kwa hiyo thamani ilisimama juu ya karatasi zangu: risiti ya mnada, uthibitisho wa benki, ankara ya meli. Tunza karatasi. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Karatasi za gari la jeshi ndipo penye mtego wenyewe. Lori linapokuwa jeshini halina usajili wa kiraia. Lina namba za jeshi. Siku linapouzwa ndipo raia analisajili kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kwenye hati ya usajili ya Uingereza, ile V5C, unaweza kukuta tarehe ya usajili wa kwanza ni ya juzijuzi ilhali gari lina umri wa kuitwa babu. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kibati kilichopigiwa ribiti ndani ya kabini, pamoja na namba ya mkataba wa wizara ya ulinzi. Kipige picha kile kibati. Kisafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa, usitumie msasa, maana herufi zake ni nyembamba na ukizikwangua umejimaliza.

Wakala wangu wa kwanza alipoiona ile tarehe ya karibuni alifurahi kuliko mimi. "Mama, tuandike hii, kodi inashuka." Nikamwambia hapana. Akanipa wasifu wa watu wote aliowahi kuwasaidia kwa njia hiyo. Nikamwambia tena hapana. Baada ya hapo simu zangu zikawa hazipokelewi, na hela ya kuanzia kazi niliyomtumia sijaiona mpaka leo. Kiasi si kikubwa, lakini kinaniuma kila nikikumbuka sauti yake ya upole. Wadogo zangu, mkisikia mtu anakuita mama mara tatu kwenye sentensi moja, shikeni pochi. Bandarini vishoka wapo, na kinachowalisha ni haraka yenu ya kutaka mteremko. Ukidanganya mwaka, anayeshikwa na gari ni wewe mwenye TIN, namba ya mlipakodi, yeye atakuwa kwa mteja mwingine. Tafuta wakala mwenye leseni, mwombe akuonyeshe, kisha hakiki mwenyewe kwa TRA kabla ya kutuma hata shilingi.

Namba ya injini nayo. Jeshi la Uingereza lilikuwa na karakana ambako injini iliyochoka inatolewa na nyingine iliyofanyiwa ukarabati inawekwa, na mafundi wa jeshi hawakuwa na sababu ya kuwaza kuhusu mama wa Makambako atakayekuja kuulizwa miaka mingi baadaye. Yangu ilikuwa tofauti na iliyoandikwa kwenye V5C. Niliiona kwa sababu nilienda nikaisoma kwenye chuma kabla ya kusafirisha, nikaomba irekebishwe nikiwa bado kulekule. Siku ya ukaguzi Dar es Salaam afisa alipiga magoti kwenye vumbi, akasugua reli ya chasisi kwa brashi ya waya, akapaka chaki juu ya namba kisha akaifuta kwa kidole ili chaki ibaki kwenye mikwaruzo tu. Herufi zikajitokeza nyeupe. Akasoma moja moja kwa sauti na mwenzake akifuatisha kwenye karatasi. Walipofika mwisho wakaenda kwenye injini wakafanya vilevile. Sikupumua. Ililingana yote, akasimama akakung'uta magoti akaniuliza kama nauza.

Sasa hiki wengi hawakijui kabisa. Chini ya lori la jeshi la Kiingereza, nyuma, kuna kitaa kidogo kinachoangaza difu iliyopakwa rangi nyeupe. Usiku wa vita magari yanazima taa zote, dereva wa nyuma anafuata kile kidoa cheupe tu. Kizuri sana, na watoto wangu walikipenda. Lakini Uingereza ina orodha ya bidhaa za kijeshi zinazohitaji kibali ili zitolewe nje ya nchi, na kifungu cha ML6 ni cha magari ya ardhini. Miongoni mwa vitu vinavyotajwa kuwa vinalifanya gari lihesabike la kijeshi, sambamba na deraya, vishikizo vya silaha na matairi yasiyopenywa na risasi, zimo taa za gizani za namna hiyo. Mimi niling'oa kitaa, nyaya zake na swichi, halafu nikaandika kwa wanaohusika na vibali nikieleza gari lilivyo, na jibu lao nikaliweka kwenye faili. Usidhani kung'oa kitaa peke yake kunamaliza habari. Uliza, tena kwa maandishi.

Rangi: badilisha huko huko kabla ya kupakia. Nyumbani hatuna utani na mambo ya jeshi. Mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walipowapa raia siku saba kusalimisha sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi? Yale yalikuwa mavazi, lakini wewe fikiria unakatiza Mikumi usiku na lori la kijani lenye mabaka meusi. Langu nililipaka krimu na bluu, kama kopo la maziwa. Linapendeza.

Habari ya meli nairuka, ni kusubiri tu. Ila jambo moja: kwenye meli za Roro, zile ambazo gari linaingizwa kwa kuendeshwa, nauli ya gari kubwa inapigwa kwa ujazo, urefu mara upana mara kimo. Vyuma vya turubai vinaongeza kimo bure. Vifungue, vilaze ndani ya bodi, uwaulize kwanza wenye meli kama wanakubali, na waje wapime lori likiwa fupi. Kingine, ukaguzi wa TBS, shirika letu la viwango: ulizia kabla ya kupakia kama unafanyikia huko au Dar, maana utaratibu huu umeshawahi kubadilishwa na unaweza kubadilika tena. Usiniamini mimi kwa hilo, waulize wenyewe.

Usajili wenyewe ambao wote mnauogopa ndio ulikuwa mwepesi kuliko yote. Kodi ikishalipwa na namba zikalingana, ukiwa na TIN unapata kadi na namba yako, ile T yenye tarakimu tatu na herufi tatu, unakata bima, unatembea. Nilipofunga pleti ya mbele kwa mikono yangu nilikaa kwenye bampa nikalia kidogo. Sioni haya. Wanawake wangapi wameambiwa wakanunue vitenge wauze, waache vyuma? Mimi nasema nunueni vyuma. Someni sheria, ulizeni maswali, lipeni kodi, nunueni vyuma.

Vipuri, kabla hamjauliza. General Motors waliuza biashara ya malori ya Bedford 1987 na walioinunua wakafilisika 1992, hivyo hakuna wakala wa Bedford atakayekuja kukuokoa Njombe. Niliagiza mapema filta, vifaa vya breki, pampu ya maji na gasketi. Matairi hayasumbui, ni 12.00-20, saizi ambayo malori mengi hapa yanavaa. Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, usisahau LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Na wanaoniuliza kama naliuza, siuzi. Wa kukodi kushusha mbao tuongee, ila mafuta juu yako.