Basketi moja kwa kazi zote? Hapana, ndugu

Ndugu, unauliza kama basketi zako za kukimbia, yaani viatu vya michezo, zinaweza pia kucheza mpira wa kikapu na kupanda Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Kwa kikapu, hapana. Kiatu cha kukimbia kimeundwa kwenda mbele tu: sponji nene kisiginoni, juu kitambaa chepesi. Ukiruka na kugeuka ghafla, mguu unateleza pembeni na kifundo kinapinda. Kwenye kikapu unataka soli pana, bapa, na ubavu mgumu.

Tena sisi wa Goma tuna shida yetu. Yale mawe meusi ya lava, yaliyomwagwa na Nyiragongo mwaka 2002, bado yako chini ya miguu yetu katika mitaa mingi, na yanakata soli laini kama wembe. Ukikimbia huko, tafuta soli ya mpira mgumu yenye meno chini. Mlimani ndiyo usijaribu kabisa na kiatu cha soli laini. Mimi nilishuka nikiwa nimeshika soli mkononi.

Ukinunua mitumba, kunja kiatu: kinatakiwa kipinde pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati, kirudishe. Bonyeza sponji pia. Ikiwa ngumu, imekufa hata kama juu kunang'aa. Kiatu cha kukimbia huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi.

Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zako mwenyewe. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Rangi utachagua mwisho, hata kama muuzaji anakusukuma.