Hao watoto wa dunia nzima wanapimwa na nani?

SWALI: Habari za kazi. Nimesikia redioni kwamba ripoti ya 2023 ilisema watoto milioni 148 chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao, mwaka 2022. Mimi nina wawili na hajawahi kuja mtu kwangu kuwapima, sasa hiyo hesabu wanaitoa wapi? Au wanabuni tu? – Mama wa wawili

JIBU: Hawabuni mama, ila ni makadirio kweli. Hakuna anayeweza kupima watoto wote, kwahiyo kwenye nchi nyingi zinachaguliwa kaya chache kwa bahati nasibu na watu wanaenda na mizani na kibao cha urefu mlango kwa mlango. Wengi wanauliza kwanini wasichukue tu data za kliniki, lakini kliniki anapimwa aliyepelekwa, yule anayeishi mbali au mamake hana nauli hayumo, na mara nyingi ndo huyo mwenye shida.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianza kuzikusanya tafiti hizi sehemu moja mwaka 1986, baadaye wakaungana na UNICEF na Benki ya Dunia ili watoe namba moja badala ya kila mtu kuja na yake. Na mwaka 2006 ikaja chati mpya ya ukuaji, ya kulinganishia urefu wa mtoto na umri wake, ilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kuishi mazingira mazuri, wakaonekana wanakua karibu sawa kabisa. Mimi hii inanigusa sana manake inaondoa ile kauli ya "ah, watoto wa kwetu ni wafupi tu kwa asili".

Sasa kinachoharibu data kuliko vyote ni umri. Chukua mvulana mwenye sentimeta 80. Kama ana miezi 20 hajadumaa, lakini kama ana miezi 24 tayari yumo kwenye hesabu ya waliodumaa, mtoto yuleyule urefu uleule! Na mama akiulizwa bila kadi ya kliniki atasema "ana miaka miwili" hata kama bado miezi minne. Ndo maana wapimaji wazuri wanabeba kalenda ya matukio, wanauliza alizaliwa kabla ya mavuno au baada, kabla ya uchaguzi au baada, mpaka mwezi upatikane.

Urefu nao una kazi yake. Chini ya miaka 2 mtoto analazwa, akizidi hapo anasimama, na akilala anazidi kama sentimeta 0.7 hivi kwahiyo ukichanganya umeharibu. Lazima wawe watu wawili, mmoja anashika kichwa mwingine magoti, na mtoto analia anajikunja. Mpimaji aliyechoka anaandika 80 au 85 basi, na kwenye kompyuta inaonekana tu, namba zinazoishia na 0 na 5 zinajaa kupita kiasi, utafiti wa namna hiyo unatiliwa shaka.

Wakibisha hodi kwako siku moja, toa kadi mapema, mvue viatu na ile nywele iliyofungwa juu ifungue, manake fundo nalo linahesabika kama urefu.