Kabla hujaingia maabara ya virusi

Vijana wanaoniuliza jinsi ya kuwa mtafiti wa virusi karibu wote huja na picha ileile: mtu kavaa suti kama ya mwanaanga, anakimbizana na mlipuko wa Ebola. Suti zile zipo kweli, ila ni za maabara za ngazi ya nne ya usalama, na wengi wetu hustaafu bila kuzigusa. Sisi tuna koti, glavu na kabati la kioo linalovuta hewa, na sehemu kubwa ya siku huishia kwenye kulisha seli.

Hapo kwenye seli ndipo wengi wanapokata tamaa. Kirusi hakizaliani chenyewe, lazima kiingie kwenye seli hai. Kwa hiyo, kabla ya kuwa mtafiti, unakuwa kwanza mfugaji. Seli unazitunza kwenye nyuzijoto 37, unazibadilishia majimaji ya lishe, zikijaa chomboni unazigawa, na hazijui sikukuu wala msiba. Fangasi wakiingia, unamwaga kila kitu na kuanza upya.

Kipimo cha kuhesabu virusi ninachokipenda mimi ni cha zamani. Kwa virusi vya wanyama alikianzisha mtafiti Renato Dulbecco mwaka 1952. Unaotesha seli kwenye sahani hadi zishikane, unaweka virusi ulivyovizimua, kisha unafunika kwa agari, kitu kizito kama jeli, ili visisambae ovyo. Unasubiri siku kadhaa. Ukitia rangi ya zambarau, seli zilizo hai zinashika rangi, na pale kirusi kimoja kilipoanza kuua seli na jirani zake panabaki tundu jeupe. Unainua sahani kwenye mwanga na kuhesabu, kila tundu ukiliwekea nukta ya kalamu usije ukalirudia. Kama kazi hiyo haikupi raha hata kidogo, tafuta nyingine mapema. Sisemi kwa ubaya.

Halafu kuna hili la kuokoa dunia. Ni nia njema, na imewahi kuzaa matunda: ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na sotoka ya ng'ombe mwaka 2011. Lakini nia hiyo peke yake haimwamshi mtu alfajiri mwaka wa sita wa majibu yasiyoeleweka. Mtafiti Peyton Rous alionyesha mwaka 1911 kwamba uvimbe wa saratani wa kuku unaweza kuambukizwa kwa majimaji yaliyochujwa, yasiyo na seli hata moja; kilichouleta kilikuwa kirusi. Tuzo ya Nobeli ilimfikia mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87. Wewe tafuta swali dogo linalokunyima usingizi. Langu ni kwa nini kirusi kinaingia seli hii na kuikataa ile iliyo pembeni yake. Halijaokoa mtu bado, na sijalichoka.

Nje ya maabara, mimi nashona. Sikuchagua kushona kwa sababu ya utulivu, kama watu wanavyodhani. Cherehani yenyewe ina kelele. Nilichagua kwa sababu kitambaa nikikikata asubuhi, jioni kinavaliwa, na kikinibana najua hapohapo. Mtu anayesubiri majibu kwa miezi anahitaji kitu kimoja maishani kinachoisha siku ileile. Iwe mpira au upishi, mradi kiwe na mwisho.

Nyumbani, jiandae kugeuzwa daktari. Akikohoa yeyote, macho yote kwako. Nimeeleza mara nyingi kwamba sitibu watu. Mama huitikia vizuri, kisha ananiuliza dozi. Unayeishi naye, mweleze ratiba ya jaribio kabla hujalianza, maana virusi vikishaingia kwenye seli, saa za kuchukua sampuli hazisogezwi, hata kama kuna harusi.

Na ukienda kwenye usaili, usiulize tu kuhusu mashine na machapisho. Uliza seli zinalishwa na nani Jumapili. Kama kuna zamu iliyobandikwa ukutani, hiyo ni maabara ya kujifunzia. Wakitazamana, ujue wanakusubiri wewe.